Sili wa Kwanza wa Evon

Doha, 17 Januari 2025

Mjomba Laban mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ungali mzima, na kwamba ndege ndogo inayowaletea posta haikukaa uwanjani wiki nzima ikingoja ukungu uondoke. Sisi huku hatujambo. Nyanya anakusalimu kutoka Vihiga. Goti limempunguzia maumivu naye amerudi kwenye kwaya, ingawa sasa huimba akiwa ameketi. Anauliza utarudi lini, kama anavyouliza kila nikimpigia. Bado ananiombea nisikamatwe tena, kana kwamba hapa Doha kuna barabara ambayo mwanafunzi anaweza kuifunga kwa matairi. Nimemhakikishia kwamba tangu chuo cha nyumbani kinisimamishe masomo, nimejifunza kupiga kelele kwa maandishi peke yake.

Ijumaa iliyopita niliisomea jumuiya yetu barua yako ya Novemba. Tulikuwa sebuleni kwa Phyllis, yule muuguzi anayeishi mtaa wa Najma juu ya duka la fundi cherehani. Nilipofika pale unapoeleza kwamba Wayupik, wenyeji wa hapo Alaska, hawamsikilizi mhubiri anayeshinda ndani, kwamba anayetaka kuwaambia habari za Kristo hana budi kwanza kutega nyavu chini ya barafu na kukaa kimya botini pamoja nao, Fabian alinikatiza. Ni mlinzi wa jengo moja kule The Pearl.

"Msee, mjomba wako anahubiria watu juu ya barafu? Mimi baridi ya eisi ya lobi pekee imenimaliza."

Tulicheka. Kisha nikasoma habari za Evon, na hakuna aliyecheka. Mwanamume wa miaka thelathini, aliyelelewa mjini Anchorage na watu wasio wake, aliyerudi kwa nyanyake Agnes akiwa amechoshwa na pombe na, kwa maneno yako, amechoshwa hata na kupumua. Uliandika kwamba hajawahi kuwinda baharini na kumpata sili, jambo ambalo wenzake hulitimiza wangali wavulana, na kwamba akimpata wa kwanza majira ya kuchipua yatakapofika, kijiji kitamhesabu kuwa mtu wao, na pengine atataka kuishi. Tunamwombea kwa jina lake.

Sasa hoja yangu. Unasema wafadhili wako hawatatoa tena mafuta ya boti za kambi yako ya kuwafundisha vijana uvuvi na uwindaji mpaka uwapelekee picha za Wayupik wakipiga magoti. Mjomba, nani aliyewapa watu hao haki ya kuipima imani ya mtu kwa magoti yake? Nani aliyesema kwamba anayeishi kwa mawindo hana cha kutoa ila picha? Kumbuka sikukuu ya mavuno kanisani kwetu. Mama mmoja huleta mkungu wa ndizi, mzee akaununua katika mnada, akaurudisha, mwingine akaununua tena, mpaka paa la kanisa likaezekwa kwa mkungu ule ule. Hatukumpigia magoti mfadhili yeyote. Sili wa kwanza wa Evon na aletwe madhabahuni kama malimbuko, anadiwe mbele ya watu wake, na kambi ijitegemee. Huo ndio uinjilisti wa watu huru.

Mpwa wako,
Jerusha


Pwani ya Bahari ya Bering, Alaska, 2 Machi 2025

Mpwa wangu Jerusha,

Nakusalimu wewe, na Phyllis, na huyo Fabian anayeteswa na eisi. Mwambie hapa kope huganda ukifumba macho kwa muda. Mwambie Nyanya kwamba nakula vizuri. Usimwambie ni nini ninachokula.

Mwanga umeanza kurudi. Jumamosi tulikuwa mtoni na vijana wa kambi, tukakata barafu na kuvuta nyavu. Sikuhubiri. Tuliomba kabla ya kuvuta, tukaomba baada ya kuvuta, na katikati mzee mmoja alimfundisha Evon namna ya kumtoa samaki wavuni bila kumrusha. Samaki harushwi, alisema, kwa kuwa amekuja kwako mwenyewe. Nimekaa hapa miaka minne, na bado sijasikia mahubiri yaliyonizidi kama hayo.

Kuna jambo nalijifunza polepole. Hapa mtu hasemi, "Kesho nitampata sili." Wanaamini mnyama husikia, na kwamba hujitoa kwa anayejishusha. Ndiyo maana nashindwa hata kuandika juu ya sili wa Evon kana kwamba yuko tayari. Nyinyi huko mmeshamwuza.

Hata hivyo hoja yako imenikaa kichwani. Mafuta yaliyobaki hayatatufikisha kiangazi, na kambi ikifungwa Evon atakaa wapi mchana kutwa? Nimeambiwa kwamba sili wa kwanza hugawiwa watu. Nikafikiri, na mnada huu si ugawaji pia, ila unapitia kanisani? Nilikwenda kwa Agnes nikamkuta anakata samaki kwa kile kisu chao cha nusu mwezi. Nikamwuliza kama tungeweza kumleta sili kanisani ili watu watoe kwa ajili ya kambi.

Aliendelea kukata. Alipomaliza samaki yule akasema, "Kanisa ni la watu wote."

Hapa mtu akikubali huinua nyusi, hasemi neno. Sikuziona nyusi zake, kwa kuwa alikuwa ameinama. Lakini maneno yake nimeyachukua kuwa kibali.

Niombee busara.

Mjomba wako,
Laban


Doha, 9 Aprili 2025

Mjomba mpendwa,

Barua yako imefika jana, imechakaa pembeni kama iliyokuja kwa miguu. Nyanya hajambo. Ameanza kufuga kuku tena, na ametenga jogoo mmoja ambaye haruhusu achinjwe hadi urudi. Jogoo huyo anazeeka.

Unaomba busara, Mjomba, nami nakuombea ujasiri, maana busara unayo ya kutosha kukuzuia usifanye lolote. Mama yule amekujibu, tena kwa sentensi ambayo mwanatheolojia angeitumia kurasa kumi kuifikia. Kanisa ni la watu wote. Basi na liwe lao kwa mikono yao. Huku tulipo, neno letu halivuki ukuta. Ndani ya eneo la makanisa tunaimba, na tukitoka langoni tunakuwa walinzi, yaya na madereva wasio na dini ya kutangaza. Wewe umepewa bahari nzima na nyika isiyo na lango, na unaogopa mnada?

Usimwache Evon awe mtu wa kupewa tu. Alipewa malezi na wageni, alipewa chakula na serikali, alipewa huruma na kila aliyemwona. Mpe siku moja ambayo yeye ndiye chanzo cha riziki ya wengine. Siku hiyo itamsimamisha.

Fabian anauliza kama sili ana mifupa. Nimemjibu kwamba utamweleza mwenyewe.

Jerusha


Pwani ya Bahari ya Bering, 24 Mei 2025

Mpwa wangu,

Amani kwenu nyote. Mwambie Fabian mifupa ipo, tena mizito. Huku barafu imepasuka na ndege wa majini wamerudi kwa maelfu. Kikohozi cha majira ya baridi kimenipungua.

Evon amempata sili.

Nilikuwa katika boti ile. Tulipita kati ya mapande ya barafu tangu alfajiri, watu watano, bila maneno. Sili alipojitokeza, mzee wetu, yule wa nyavu, alimgusa Evon begani tu. Sili alipokwisha kuvutwa botini, Evon alimmwagia maji matamu mdomoni, kama alivyofundishwa, kwa kuwa mnyama wa bahari hufika akiwa na kiu. Nilimwona akitabasamu, Jerusha, na katika mwaka mmoja na nusu sijawahi kuyaona meno ya mtu yule. Tulipofika ufukweni wanawake walikuwa wamekwisha kusimama na ndoo zao. Hakuna aliyewaita.

Niliwaomba waje kanisani.

Walikuja wote, na ndoo zao. Nyama na mafuta yalikuwa mezani chini ya msalaba. Niliomba, nikashukuru, nikaeleza habari za malimbuko. Kisha nikaanza kunadi kama anavyonadi Mzee Philipo kwetu, kwa mizaha. Nikataja bei. Kimya. Nikaishusha. Kimya. Nikasema, "Wamama, hata kipande cha kumpikia mkwe hamtaki?" Kwetu wangevunjika mbavu. Hapa walitazama sakafu. Agnes aliinuka, akaokota ndoo yake tupu, akatoka. Sikujua kukoma, Jerusha. Niliendelea kutaja bei nyingine na nyingine katika chumba kisichopumua.

Ndipo Evon akasimama nyuma. Akaja mbele, akaweka mezani alichokuwa nacho mfukoni. "Nimemnunua mimi," akasema. Akambeba nje vipande kwa vipande, na hakuna aliyemsaidia.

Nimeelezwa baadaye, na kwa upole ambao ungenifaa zaidi kama ungekuwa matusi. Sili wa kwanza huisha wote. Hugawiwa wajane na wazee na kila mwenye ndoo, na aliyempata habakizi hata ukucha, ili wanyama wajue kwamba mikono yake iko wazi, na waje tena. Sili wa Evon amerudi nyumbani kwa Evon. Alipojaribu kuwagawia jioni ile, hawakuweza kupokea. Kilichonunuliwa si zawadi tena.

Kuhusu nani alitoa wazo, nililiamua mimi. Yaishe hapo.

Laban


Doha, 30 Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Nakuandikia kutoka katika joto ambalo limegeuza kila kishikio cha mlango kuwa pasi. Mitihani imekwisha, nimefaulu. Nyanya alianguka kidogo uani lakini hakuvunjika, na hataki ujue, kwa hiyo hujui.

Barua yako imeniumiza, na nimekataa kuumia. Kwa nini unaisoma siku ile kama msiba? Hebu itazame upya. Mtu aliyeokotwa na kulishwa maisha yake yote anasimama mbele ya umati na kusema, "Nimemnunua mimi." Je, kuna sauti ya kujitegemea iliyo kuu kuliko hiyo? Kila desturi hutikisika inapokutana na Injili, zetu zilitikisika pia, na hatukufa. Watanuna kiangazi hiki. Watarudi wakati wa kuvuna matunda ya porini. Nilisoma ukurasa wa sili katika jumuiya, nikaishia kwenye maneno hayo ya Evon, na Phyllis aliongoza wimbo wa shukrani. Fabian alisimama akasema, "Huyo jamaa ni mnoma, mkali kweli, amejinunua mwenyewe," na watu wakapiga makofi hadi jirani akagonga ukuta.

Nimemweka Evon katika insha yangu ya mwisho wa muhula. Mhadhiri ameniomba niiwasilishe mbele ya darasa mwezi wa tisa. Mwambie kwamba huku Ghuba kuna watu wanaolijua jina lake.

Usiniandikie tena juu ya upole wao. Niandikie amefanya nini.

Jerusha


Pwani ya Bahari ya Bering, 2 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Barua yako ya Juni ilifika wiki iliyopita.

Umeuliza amefanya nini. Alikwenda baharini kiangazi chote. Wenzake walimchukua, kwa kuwa hawamfukuzi mtu, na kila walipokuwa naye hawakupata kitu. Hakuna aliyemlaumu. Mwishoni aliacha kungoja achukuliwe. Mto wetu ulifungwa usivuliwe samaki wa samoni mwaka huu, wamekuwa haba mno, kwa hiyo hata kazi ya nyavu hakuwa nayo.

Siku ya Alhamisi alichukua boti ya jirani kabla ya watu kuamka. Upepo uligeuka adhuhuri.

Boti imeonekana, yeye hayumo. Kila kijiji cha pwani hii kimetoa watu wa kutafuta. Nami ninakwenda nao.

Sikumwambia kuhusu insha.

Laban


Doha, 14 Oktoba 2025

Mjomba wangu,

Sijui kama salamu zinafaa, lakini pokea za Nyanya. Nimemwambia kila kitu, isipokuwa yale ambayo sikuweza.

Rudi nyumbani. Nasema hivi nikiwa nimelifikiria kwa wiki tatu, na sina sentensi nzuri ya kulipamba. Rudi. Kuna watu wa kulaumiwa, nami nawajua. Nailaumu serikali iliyomtoa mtoto kwa nyanyake na kumpeleka mjini. Nazilaumu shule zilizowachapa mababu zake kwa kusema lugha yao, mpaka akarudi kijijini bila neno la kumwuliza mtu yeyote kitu. Nawalaumu wafadhili waliotaka magoti. Nalilaumu joto linalowaua samaki wa mto ule, na wote walioliwasha, na huu mji ninaoishi uliosimama juu ya gesi, na mimi ninayesoma kwa fedha zake. Kila nikimaliza orodha hiyo nabaki nimekaa na kalamu mkononi, na orodha haijafika mwisho.

Sikuiwasilisha insha. Nilisimama mbele ya darasa, nikataja jina lake, nikaketi.

Jumuiya imekununulia tikiti ya kutoka Anchorage hadi Nairobi, ya katikati ya Novemba. Phyllis alichanga, Fabian alichanga na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alisema, "Mlete mzee nyumbani, baridi imetosha." Nyanya amefagia chumba chako. Hapo ulipo umebaki kufanya nini? Nani atakaa tena kimya botini pamoja nawe?

Jerusha


Pwani ya Bahari ya Bering, 30 Novemba 2025

Mpwa wangu Jerusha,

Mshukuru Phyllis, na Fabian, na wote. Kikohozi kimerudi lakini si kibaya. Mto umeganda, na utafutaji ukakoma siku ulipoganda. Hatukumpata. Wanawake walipika kwa ajili ya watafutaji mpaka siku ya mwisho, na sahani yangu ilijazwa sawa na za wengine. Hilo ndilo lililonishinda. Kama wangenifukuza ningejua njia ya kupita.

Jambo moja sikukuandikia. Mwezi wa saba nilimwuliza Evon kwa nini alimnunua. Tulikuwa tunaziba boti. Aliziba ufa mmoja mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulikuwa umesimama pale peke yako."

Basi. Hakukuwa na sauti ya kujitegemea, Jerusha. Alimwona mtu anaaibika mbele ya watu, akampa alichokuwa nacho. Alikuwa ameshakuwa Myupik kamili, na mimi mhubiri ndiye niliyempokonya ushahidi wake, yule sili wa kugawa.

Niliipokea tikiti. Nilifunga sanduku, nikapelekwa uwanjani na pikipiki ya theluji, na ndege ilikuwa imetua. Watu walikuwa wakishusha maboksi. Agnes alikuja kwa miguu na fimbo yake. Hakuwa amesema nami tangu Mei. Alisimama mbele yangu, akaniita kwa jina la Kiyupik la Evon. Silitaji hapa, wala usiliweke katika insha yoyote.

Nilidhani amechanganyikiwa kwa huzuni. Mzee wetu akanieleza taratibu. Kwao jina la aliyekufa halizikwi. Hupewa anayefuata, kwa kawaida mtoto mchanga, lakini si lazima, na mwenye jina hulishwa na kuvishwa kama vile marehemu amerudi mlangoni. Kwetu si hivyo? Nyanya alinipa jina la babake, na nilipokuwa mdogo aliniita baba, akaniwekea paja la kuku. Lakini mimi nilikuwa mtoto nisiye na deni na mtu. Agnes amelichagua jina la mjukuu wake na kuliweka juu yangu, mimi.

Akasema, "Njoo ule."

Ndege iliondoka. Sanduku langu liliondoka nayo, maana lilikuwa limekwisha kupakiwa.

Tangu siku ile nakula kwake. Ananiita mjukuu, ingawa ananipita miaka michache tu. Wanawake wa ukoo wa Evon wamenishonea glavu za manyoya kwa vipimo vyake, na zinanibana. Sijui kama nimesamehewa au nimefungwa. Sijamwuliza, na hapa mtu haulizi. Kila jioni nakaa kwenye kiti kile, naye ananitazama hadi nimalize. Najaribu kuomba kabla ya kula na neno halitoki, kwa hiyo yeye ndiye anayeomba, kwa lugha yake, nami nasikia jina lile ndani ya sala na sijui anamwombea yupi.

Usiniandikie kwamba kosa ni lako. Ukiandika hivyo nitakuwa na wa kugawana naye, na sitaki.

Mwambie Mama. Wewe utajua namna.

Laban


Doha, 27 Desemba 2025

Mjomba,

Umenikataza kuandika jambo moja, nami sitaliandika.

Krismasi tuliifanya kwa Phyllis, watu wachache. Waliomba nisome barua yako, nikasoma yote, isipokuwa palipokuwa pangu. Nilipomaliza Fabian akauliza, "Kwa hivyo mjomba ameokolewa ama amehukumiwa?" Phyllis akamwambia anyamaze ale. Nilitakiwa kusema neno, kwa kuwa mimi ndiye wa maneno. Nilifungua mdomo, nikaomba chumvi.

Nilimpigia Nyanya asubuhi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, na kwa hasira, na kwa lile swali la kila siku. Nilimweleza habari za uwanjani, na jina, na kiti. Hakuuliza utarudi lini. Aliuliza kama yule mama ana watoto wengine. Nikasema hana. Akauliza anampikia nini mwanangu. Nikasema samaki wa kukausha, na mafuta ya sili.

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Mwambie asibakize chakula," akasema.

Kisha akakata simu, nami sijampigia tena.

Jerusha